Kinu cha Jirani: Haki ya Mwenye Kinu na Haki ya Mwenye Nyumba

Limetufikia suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja akaaye Kosele, karibu na Oyugis, katika kaunti ya Homa Bay. Asema kuwa jirani yake amefunga mashine ya kusaga unga katika banda lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Mashine yaanza kunguruma kabla ya alfajiri, na siku za soko haizimwi mpaka usiku umekuwa mwingi. Ukuta umefanya nyufa, vumbi la unga laingia hata katika mtungi wa maji ya kunywa, na mama yake, ambaye ni mkongwe mwenye maradhi ya kifua, hapati usingizi. Jirani huyo si Mwislamu. Alikwisha kuambiwa mara moja, tena kwa ukali, naye akajibu kuwa kiwanja ni chake na ana watoto sita wa kulisha. Ndugu yetu auliza mambo mawili. Je, sharia yampa haki ya kumzuia mtu huyu? Na je, si afadhali awakusanye vijana wende usiku wakaukate mkanda wa mashine, mambo yaishe?

Hili la pili twalijibu kwanza kwa kuwa ni jepesi. Hapana. Mali ya mtu ni haramu kwa mwingine, awe Mwislamu au asiwe, na aliyedhulumiwa hakupewa ruhusa ya kujihukumia kwa panga gizani. Mkanda ule una thamani, na atakayeukata ataulipa hapa duniani na ataulizwa kesho akhera. Tena Waislamu wa pande zile ni wachache kati ya jirani zao. Watakalofanya vijana wanne usiku mmoja litaitwa kazi ya Waislamu wote, na watakaolipa ni wengine kabisa.

Tuje sasa kwenye suala lenyewe. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, ametuusia wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, wala hakuweka sharti la dini. Na imepokewa kuwa Abdullahi bin Amri, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu yake. Mambo haya twayasoma sana darasani, lakini mara nyingi twayasimamisha kwenye sahani ya chakula. Haki ya jirani haianzi kwenye sahani. Yaanzia kwenye kumzuilia maudhi, na Mtume wetu (s.a.w.) ameapa kuwa hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Neno hilo lamhusu mwenye kinu, nalo lamhusu pia yule aliyekuwa akinoa panga kwa ajili ya mkanda.

Wanafunzi wetu wanaijua kanuni iliyotoka katika hadithi, ya kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Wengi huishia hapo, wakaishika kanuni kama upanga. Lakini lau kila udhia ungeharamishwa, nani angeweza kukaanga samaki, au kulea mtoto mchanga, au kutwanga mtama uani? Moshi wa jiko la mtu lazima umfikie mwenzake. Ndiyo sababu mafakihi walihitaji kipimo, na kipimo walichokitaka ni kigumu kuliko wadhaniavyo wanaotaka jibu la neno moja.

Sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafi twakipata katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa amelizungumza jambo hili hili. Kauli yake ni kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akipita mpaka wa ada hudhamini kilichoharibika. Kisha akaleta mfano wa mtu ambaye nyumba yake imezungukwa na makazi ya watu, naye ataka kuifanya hamamu au banda la wanyama, na mwingine ambaye duka lake liko katika soko la wauza nguo, naye ataka kuligeuza kiwanda cha mhunzi. Je, yafaa? Wanazuoni wamehitilafiana. Kauli aliyoisahihisha Imamu Nawawi ni kuwa yafaa, lakini kwa sharti: achukue hadhari na azitengeneze kuta zake madhubuti.

Msomaji ambaye moyo wake uko pamoja na yule mama mgonjwa huenda akahuzunika kuisikia kauli hii, kwani alitumaini kuwa Imamu atakifunga kinu. Hakukifunga. Kwa sharia yetu mtu wa Kosele hazuiliwi kusaga mahindi kwake ati kwa kuwa jirani hapendi sauti ya injini. Lakini asidhani mwenye kinu kuwa ameshinda. Ruhusa yake imefungwa kwa kamba mbili: ada na hadhari. Aliyeegemeza injini kwenye ukuta wa mwenzake hakuchukua hadhari yoyote, na asagaye saa tisa za usiku hana ada ya kutegemea.

Basi yafaa ndugu yetu ayapambanue malalamiko yake, asiyafunge katika furushi moja. Kosele ni soko na pia ni makazi. Watu hulala nyuma ya maduka yao, na kelele za mchana, za pikipiki, za mafundi wa vyuma, za vinu, ni ada ya mahali pale. Mngurumo wa mchana ni wa kuvumiliwa. Mngurumo wa usiku sio. Ufa wa ukuta si maudhi tu, ni uharibifu, na mwenye kuuleta hudhamini. Na vumbi liingialo katika maji ya kunywa na kifuani mwa mgonjwa, hilo hakuna ada duniani iliyolihalalisha.

Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamekwenda hatua moja zaidi. Majalla, sharia iliyotungwa na dola ya Waturuki kati ya mwaka 1869 na 1876, katika kifungu chake cha 1200 imekitaja kinu kwa jina pamoja na kiwanda cha mhunzi: kikilidhoofisha jengo la jirani kwa mtikiso wake, basi ni madhara makubwa na huondolewa. Ikaongeza tanuri na kinu cha mafuta ambavyo moshi na harufu yake humfanya jirani asiweze kukaa nyumbani. Lakini Majalla hiyo hiyo yasema kuwa ajengaye nyumba mpya kando ya kiwanda kilichokuwapo hana haki ya kulalamika; alikiona kwa macho yake. Waingereza walihukumu kinyume. Mwaka 1879, katika kesi ya Sturges na Bridgman, mpika vitamutamu wa London aliyekuwa akitwanga kwa vinu vyake zaidi ya miaka 20 alizuiwa kwa ajili ya daktari aliyejenga chumba cha kazi nyuma ya ukuta mwaka 1873. Hukumu kama hizo twazitaja kwa kuwa sharia za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 zimeingizwa katika sharia za Kenya. Kwa ndugu yetu mzozo wa nani alitangulia haupo, maana nyumba yake ndiyo iliyotangulia. Lakini ayajue, kwani kesho huenda akawa yeye ndiye mgeni kando ya kiwanda cha mtu.

Yabaki lile jibu la watoto sita, nasi hatulidharau. Mashine ile huenda imenunuliwa kwa mkopo, na wanawake wa vijiji vya karibu waihitaji. Riziki ni udhuru wa kutafutiwa njia, si udhuru wa kuachiwa dhara. Imepokewa na Abu Daud kuwa Samura bin Jundubi alikuwa na mtende ndani ya shamba la mmoja wa Ansari, na kuingia kwake kukiwataabisha watu wa nyumba ile. Mtume (s.a.w.) alimtaka auuze, akakataa, abadilishane na mwingine, akakataa, autoe kwa ahadi ya malipo, akakataa. Ndipo alipomwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akaamuru mtende ung'olewe. Sanadi yake wanazuoni wameizungumza, lakini utaratibu wake umekubaliana na misingi: njia tatu zilifunguliwa kabla ya shoka. Ndugu yetu yeye alitaka kuanzia kwenye shoka.

Aende basi mara ya pili, na asende mashine ikiwa yasaga na wateja wamejipanga, kwani hakuna mtu akubaliye kosa mbele ya wateja wake. Aende jioni, pamoja na mzee ambaye jirani humheshimu, hata akiwa mzee wa kanisa lake. Na aende na dawa mkononi, si lawama tupu. Kinu cha namna ile ni nyundo za chuma zizungukazo kwa kasi na kuipiga nafaka mpaka ipite katika chujio. Mtikiso wake hupita ardhini na ukutani. Injini ikiondolewa ukutani, ikasimamishwa juu ya msingi wake wa saruji usiogusana na msingi wa nyumba, na vipande vya mpira vikawekwa chini yake, mtikiso hupungua sana. Bomba la moshi liinuliwe juu na lifungwe kipunguza sauti. Mdomo wa unga uvishwe mfuko wa kitambaa. Mafundi wa Oyugis wanaziweza kazi hizi.

Akikataa kila njia, kulalamika si dhambi. Mtu mmoja alimshitaki jirani yake kwa Mtume (s.a.w.), akaambiwa asubiri, aliporudi mara ya pili au ya tatu aliambiwa atoe vyombo vyake njiani. Watu wakapita wakiuliza, wakasikia habari, na jirani akaja mwenyewe kumsihi arudi ndani. Tazama kuwa alitoa vyombo vyake mwenyewe, hakugusa cha jirani.

Wala asende kwa kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena kwa Waislamu watupu. Aanze kwa chifu, kisha kwa afisa wa afya, kwani Sharia ya Afya ya Umma, sura ya 242, yampa uwezo wa kumwandikia mtu amri ya kuondoa udhia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kuwa katika makazi yaliyochanganyika na biashara sauti isipite desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wahesabiwa tangu saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sharia ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yamtaka mtu apate ruhusa ya kaunti kabla ya kugeuza makazi kuwa kiwanda. Na juu ya yote iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. (Na tuseme bila ya kuficha: kanuni zile za kelele zimeitaja pia misikiti na makanisa. Msikiti uwekao kipaza sauti kwa kisomo cha saa nzima kabla ya alfajiri, ambacho si adhana, na jirani wake wana wagonjwa, usubiri kidogo kabla ya kumshitaki mwenye kinu.)

Wakipatana, waandike. Waandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima, siku za soko na siku nyingine, mahali injini itakapohamishwa na kwa muda gani, na mashahidi watie saini pande zote mbili. Gharama ya msingi mpya ni juu ya mwenye kinu, kwa kuwa dhara latoka kwake. Ndugu yetu akitaka kuchangia mifuko miwili ya saruji, huo ni ihsani, haukumlazimu. Ama ufa wa ukuta, asidai fidia kwa kukisia, kwani nyumba za udongo hupasuka kwa mvua pia. Waite fundi mmoja ambaye wote wawili wamridhia, atazame ufa ulipoanzia, na asemalo lilipwe.