Kuendesha Msimbo Ndani ya Hati Bila Kusimamisha Kazi



Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoandika tasnifu za mwaka wa mwisho tunatawanya kazi yetu mahali patatu. Maelezo yako katika faili moja, hesabu ziko katika programu nyingine, na amri tulizotumia kupata hesabu hizo ziko kichwani tu, au zimeshasahaulika. Msimamizi akiuliza, "Namba hii umeipataje?" ndipo tunapoanza kupekua.

Somo hili linaeleza namna ya kuviweka vitu hivyo vitatu katika hati moja ya maandishi matupu: maelezo, amri na matokeo. Kisha linafundisha jambo moja zaidi, nalo ndilo hasa lengo letu: kuendesha kazi ndefu ndani ya hati hiyo huku wewe ukiendelea kuandika, na kujua ni wakati gani hupaswi kufanya hivyo.

Hati ya aina gani?

Maandishi matupu ni faili lenye herufi na alama tu, lisilo na mapambo yaliyofichwa ndani yake. Hufunguka kwenye kompyuta yoyote, hata iliyochakaa, na ukubwa wake ni mdogo mno.

Wazo la kuchanganya maelezo na msimbo katika hati moja si geni. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliliandikia makala mwaka 1984. Hoja yake ilikuwa kwamba programu iandikwe kwanza ili binadamu aielewe, na kompyuta itolewe sehemu yake kutoka humo humo. Mwaka 2003 Carsten Dominik, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alianzisha Org, mfumo wa kupanga maandishi unaofanya kazi ndani ya kihariri kiitwacho Emacs. Baadaye Eric Schulte na Dan Davison waliandika Babel, sehemu inayoiwezesha hati ya Org kubeba vipande vya msimbo na kuviendesha papo hapo. Tangu mwaka 2010 Babel imekuwa sehemu ya Org yenyewe. Emacs, Org na Babel vyote ni programu huria, na havilipiwi chochote.

Kipande cha msimbo huanza kwa mstari wa #+begin_src na kuishia kwa #+end_src. Ukiweka kishale ndani yake, ukashikilia Ctrl na kubonyeza C mara mbili, Emacs itakuuliza kama kweli unataka kukiendesha. Ukikubali, kitaendeshwa na matokeo yataandikwa chini yake.

Tatizo lenyewe

Kwa kawaida Emacs hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kipande kikichukua sekunde moja, hutatambua. Kikichukua dakika ishirini, kihariri kitaganda kwa dakika ishirini. Huwezi kuandika wala kufungua faili jingine. Ukikosa subira ukabonyeza Ctrl na G, kazi itakatizwa kabla ya kufika mwisho.

Fikiria mtu anayepeleka debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Anaweza kusimama pale pale hadi zamu yake ifike. Au anaweza kuliacha debe lake likiwa na alama ya jina, akaenda sokoni, kisha akarudi kuchukua unga. Njia ya kwanza ni ya kusubiri. Ya pili ndiyo tunayoiita uendeshaji usiosubiri, au asinkroni. Lakini hata huyo aliyekwenda sokoni hawezi kusonga ugali kabla unga haujarudi. Shika mfano huu, tutauhitaji mbele.

Maandalizi

Nachukulia kwamba unatumia Linux, kwa mfano Ubuntu, na kwamba Emacs imeshasakinishwa. Katika faili la mipangilio ya Emacs, ongeza mistari hii:

(require 'package)
(add-to-list 'package-archives
             '("melpa" . "https://melpa.org/packages/") t)

Funga Emacs na uifungue tena. Bonyeza Alt na X, andika package-refresh-contents, kisha Enter. Rudia Alt na X, andika package-install, Enter, halafu ob-async, Enter. Hicho ndicho kifurushi kinacholeta uendeshaji usiosubiri. Kikishaingia, ongeza mistari hii katika faili lile lile:

(require 'ob-async)
(org-babel-do-load-languages
 'org-babel-load-languages
 '((emacs-lisp . t) (shell . t)))

Mistari ya mwisho inairuhusu Babel kuendesha amri za terminali.

Mfano wa kazi ndefu

Tuseme mwanafunzi ana picha 120 za kurasa za kitabu cha Kiarabu, naye anataka kujua neno fulani limejitokeza mara ngapi. Picha haihesabiki. Lazima kwanza igeuzwe kuwa maandishi. Programu ya Tesseract hufanya kazi hiyo. Ilianzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, na tangu 2005 msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Katika Ubuntu inapatikana kwa amri hii:

sudo apt install tesseract-ocr tesseract-ocr-ara

Ikiwa kila ukurasa utachukua sekunde 10, kurasa 120 ni sekunde 1,200, yaani dakika 20. Hii ni kazi ya kuacha debe na kuondoka. Weka picha katika folda iitwayo kurasa, kando ya hati yako, kisha andika ndani ya hati:

#+name: soma-kurasa
#+begin_src shell :async :results output :eval never-export
  mkdir -p matini
  rm -f imekwisha matini/*.txt
  for f in kurasa/*.png; do
    tesseract "$f" "matini/$(basename "$f" .png)" -l ara
  done
  touch imekwisha
  ls matini/*.txt | wc -l
#+end_src

Tuisome pamoja. Neno :async katika mstari wa kwanza wa kipande ndilo linalobadilisha kila kitu. Likiwepo, Emacs huzindua Emacs nyingine ndogo isiyoonekana, huikabidhi kazi, na kukurudishia kibodi papo hapo. Chini ya kipande utaona mstari wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Usiufute! Hiyo ndiyo alama ya jina kwenye debe. Kazi ikiisha, Emacs huitafuta alama hiyo na kuweka matokeo mahali pake. Ukiifuta, matokeo hayatajua pa kwenda.

Mistari miwili ya mwanzo wa msimbo huandaa folda ya matini na kuondoa mabaki ya safari iliyopita. Mistari ya katikati husoma ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa Kiarabu. Kisha touch imekwisha huunda faili tupu la kutangaza kwamba mzunguko umefika mwisho. Mstari wa mwisho huhesabu kurasa zilizopatikana. Kwa mfano wetu, jibu linapaswa kuwa 120. Likiwa 118, kuna kurasa mbili zilizokataa, na inabidi uzitafute kabla ya kuendelea.

Maneno :eval never-export yanaizuia Org kuendesha kipande hiki upya unapogeuza hati yako kuwa PDF. Bila hayo, kuchapisha sura moja tu kunaweza kuanzisha tena usomaji wa kurasa zote, kutegemea mipangilio ya kipande.

Hatari ya unga ambao haujarudi

Sasa tunafika kwenye sehemu muhimu kuliko zote. Kipande cha pili kinahesabu neno:

grep -oh "علم" matini/*.txt | wc -l

Je, mwanafunzi akikiendesha wakati kipande cha kwanza kimefika ukurasa wa 70? Hakutatokea onyo lolote. Kompyuta itahesabu kurasa ilizozikuta na kutoa namba. Namba hiyo itaonekana safi kabisa, itaingia katika jedwali, na jedwali litaingia katika tasnifu. Hakuna msomaji atakayeweza kuitambua kwa macho kwamba ni ya nusu ya kitabu.

Kuganda kwa kihariri ni usumbufu, lakini kulikuwa kunatulinda. Wakati kila kipande kinasubiri cha kabla yake, mpangilio hauwezi kuvurugika. Tukiondoa kusubiri, ulinzi huo unaondoka nao, na ni juu yetu kuurudisha kwa mikono yetu. Ndiyo maana tuliunda lile faili la imekwisha. Kipande cha pili kiandikwe hivi:

#+name: hesabu-neno
#+begin_src shell :results output :eval never-export
  if [ -f imekwisha ]; then
    grep -oh "علم" matini/*.txt | wc -l
  else
    echo "Bado, kurasa zinasomwa"
  fi
#+end_src

Angalia kwamba hapa hatukuweka :async. Kazi hii ni ya kufumba na kufumbua, na jibu lake tunalihitaji sasa hivi. Kanuni ya kushika ni hii: kazi ndefu ambayo hakuna kinachoitegemea kwa sasa, iache iende yenyewe, kazi fupi, au ile ambayo hatua inayofuata inaitegemea, isubiri.

Jambo la pili ni kuhusu maana ya namba yenyewe. Amri hii hutafuta herufi hizo tatu zikifuatana popote zilipo, kwa hiyo itahesabu pia "معلم" na "علماء". Aidha, Tesseract hukosea, hasa penye irabu nyingi au picha hafifu. Chagua kurasa chache, uzilinganishe na kitabu kwa macho yako, na uandike katika hati ulichokigundua. Hati ya namna hii ina nafasi ya maelezo hayo, mstari mmoja tu juu ya hesabu.

Tahadhari nyingine

Kwanza, Emacs ndogo inayofanya kazi haishiriki kumbukumbu na hii unayoiona. Jambo ulilolitaja katika kipande kingine, halijui. Njia nyepesi ya kupitisha kitu kutoka kipande hadi kipande ni kukiandika katika faili, kama tulivyofanya. Wanaotumia Python na wanataka vipande vyao vikumbuke hesabu za nyuma, Org kuanzia toleo la 9.5 ina njia yake ya ndani: wataweka :session pamoja na :async yes katika kichwa cha kipande.

Pili, usifunge Emacs kabla kazi haijaisha. Hata kama kazi itaendelea kwa muda, hapatakuwa na wa kupokea matokeo. Ukifunika laptopu ikalala, kazi nayo italala. Umeme ukikatika na betri ikaisha, faili la imekwisha halitakuwepo, na kwa hiyo kipande cha pili kitakataa kuhesabu. Hilo ndilo tunalolitaka.

Tatu, usiendeshe kipande kimoja mara mbili kwa pupa. Kwa kuwa kihariri hakigandi, ni rahisi kudhani kwamba hakuna kilichotokea na kubonyeza tena. Utakuwa na kazi mbili zinazoandika katika folda moja, na ya pili itaanza kwa kufuta mafaili ya ya kwanza.

Nne, ukirekebisha makosa ya Tesseract kwa mkono, yahifadhi marekebisho hayo katika folda nyingine na uelekeze hesabu huko. Folda ya matini inafutwa kila kipande cha kwanza kinapoanza upya.

Tano, hati ya mtu mwingine isome kabla ya kuendesha vipande vyake. Amri ya kufuta mafaili yako inaweza kukaa humo kama amri nyingine yoyote. Lile swali ambalo Emacs hukuuliza kabla ya kuendesha lina kazi yake, basi usilizime.

Muhtasari na zoezi

Hati moja inaweza kubeba maelezo, amri na matokeo, ili kila namba iwe na ushahidi wake jirani. Neno :async linakupa nafasi ya kuandika wakati kompyuta inahangaika. Lakini kila unapoliweka, jiulize: ni nani anayesubiri jibu hili, na atajuaje kwamba limekamilika?

Jipime kwa maswali haya:

1. Kwa nini si vizuri kuufuta mstari wa herufi na tarakimu unaojitokeza chini ya kipande kinachoendeshwa?
2. Badilisha kipande cha pili ili kikatae kuhesabu endapo idadi ya mafaili katika matini hailingani na idadi ya picha katika kurasa.
3. Chukua kurasa tano za kitabu unachokisoma muhula huu, uzipige picha, na uandae hati yenye vipande vyote viwili. Mpe mwenzako chumbani aiendeshe kwenye kompyuta yake. Akipata namba uliyoipata wewe, hati yako imekamilika. Asipoipata, kaeni pamoja mtafute sababu.