Kabla Hujapinga au Kushangilia Tuzo ya Sayansi

Tim Flannery alipotangazwa Mwaustralia Bora wa Mwaka 2007, wengi walifurahi. Kitabu chake cha 2005, The Weather Makers, kilikuwa kimewafanya watu wasiojua lolote kuhusu hewa ya ukaa waanze kujadili joto la dunia. Wengine walikasirika. Flannery alipata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, kwa kuchunguza kangaruu wa kale na wa sasa, na kwa miaka mingi alikuwa mtaalamu wa wanyama katika Jumba la Makumbusho la Australia jijini humo. Mtu wa kangaruu, waliuliza, ana mamlaka gani juu ya hali ya hewa?

Ubishi wa namna hii huzuka kila tuzo ya kuitetea sayansi inapotolewa, na mara nyingi watu hubishana kabla hawajajua tuzo yenyewe imetolewa kwa kazi gani. Anzia hapo. Tuzo ya utafiti humpima mtu kwa alichogundua. Tuzo ya kuielimisha jamii humpima kwa jinsi alivyofikisha matokeo ya wengine kwa usahihi na kwa lugha inayoeleweka. Ile aliyopewa Flannery haikuwa hata ya sayansi. Ni heshima ya taifa, na wanamichezo na wasanii wameipata pia. Kwa hiyo hoja ya kangaruu haina uzito mkubwa. Hoja nzito ni ile ya mabwawa.

Mwanzoni mwa 2007 mabwawa ya Sydney yalikuwa yamebakiwa na takriban theluthi moja ya maji. Flannery alieleza kwamba udongo uliopata joto na mimea yenye kiu hunywa mvua kabla haijafika mitoni, hivyo hata mvua itakayonyesha haitajaza mabwawa. Maelezo kuhusu udongo yalikuwa ya kisayansi kabisa. Lakini sentensi ile ilisemwa bila mpaka wa muda wala mahali, na Machi 2012 bwawa la Warragamba, linaloipatia Sydney sehemu kubwa ya maji yake, lilifurika. Wapinzani wake wakairudia sentensi hiyo kwa miaka. Mtambo wa Kurnell wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, uliokamilika 2010, ukasimamishwa 2012 kwa kuwa mabwawa yalikuwa yamejaa. Ukame uliporudi, ukawashwa tena 2019.

Mimi naamini alistahili heshima ile, na naamini pia wakosoaji walistahili jibu la kina. Anayeitetea sayansi hadharani atateleza siku moja, kwa sababu anazungumza kila siku mbele ya kamera. Unapompima, angalia anafanya nini baada ya kuteleza: anarudi kueleza, au anajificha nyuma ya cheo?

Mfano mzuri ni Karl Kruszelnicki wa Chuo Kikuu cha Sydney, ambaye Waustralia humwita Dr Karl. Mwaka 2015 alikubali kuonekana katika matangazo ya serikali kuhusu ripoti ya mustakabali wa nchi kwa miaka 40. Alipoisoma ripoti nzima na kuona mabadiliko ya tabianchi yamepewa nafasi finyu mno, alijitenga nayo waziwazi, akasema malipo yake angeyatoa kwa shule za umma zenye uhitaji. Mwaka 2019 akawa Mwaustralia wa kwanza kupewa Tuzo ya Kalinga ya UNESCO ya kueneza sayansi.

Uliza pia nani analipa. Tuzo za Eureka, zinazotolewa na Jumba la Makumbusho la Australia tangu 1990, nyingi hubeba jina la mdhamini: chuo kikuu, idara ya serikali au kampuni. Udhamini peke yake si kosa, maana bila fedha hakuna tuzo. Wasiwasi huanza pale tuzo inapomsafisha mtoaji. UNESCO ilipokubali mwaka 2008 dola milioni 3 za Rais Obiang wa Guinea ya Ikweta kwa tuzo yenye jina lake, watetezi wa haki za binadamu na wanasayansi walipinga hadi ikasimamishwa. Ilipotolewa 2012 jina lake lilikuwa limeondolewa.

Halafu kuna wasiotajwa kabisa. Tuzo ya Waziri Mkuu ya Sayansi ya Australia ilianza mwaka 2000, na mwanamke wa kwanza kuipata peke yake, mtaalamu wa jenetiki Jenny Graves, aliipata 2017. Majaji huchagua miongoni mwa majina yaliyoletwa, kwa hiyo pengo huanzia mezani kwa anayejaza fomu.

Hapo ndipo msomaji anayeishi Sydney ana nafasi. Yeyote anaweza kumpendekeza mtu kwa tuzo ya Mwaustralia Bora wa Mwaka, mradi anayependekezwa ni raia. Nishani za Order of Australia hupokea mapendekezo ya umma kupitia ofisi ya Gavana Mkuu, na huwezi kujipendekeza mwenyewe. Eleza kazi iliyofanyika na ilimfaa nani, ukitaja miaka na mahali, kisha tafuta watu wanaoifahamu kazi hiyo kwa karibu wakubali kuulizwa. Muuguzi Mkenya aliyewaelimisha wazazi wa mtaa wake kuhusu chanjo kwa Kiswahili hatafikiriwa na jopo lolote iwapo waliomsikiliza hawatamwandikia.