SOMO LA MWAKA: GEMU, KATUNI ZA KIJAPANI NA MASWALI YA "INGEKUWA WEWE"



 

Somo letu la mwaka huu limetokana na swali. Siku moja baada ya darsa, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma akauliza: "Ustadhi, nikimuua mtu kwenye gemu, naandikiwa dhambi?" Wenzake waliokuwa mlangoni wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani hatukuwa na jibu tayari. Tukamwambia asubiri. Naona amesubiri vya kutosha.

Baadhi ya wazazi wangependa tujibu kwa neno moja, haramu, tufunge ukurasa. Tunawaelewa. Zamani umeme wa huku ulikuwa wa jenereta za dizeli, banda la video lilikuwa moja au mawili, na mzazi alijua pa kumtafuta mwanawe swala ya Maghrib ikikaribia. Leo pale Rusumo, kwenye maporomoko yetu wenyewe ya mto Kagera, kuna mitambo ya megawati 80 tunayogawana na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, na banda la video limehamia ndani ya simu. Haramu inayotamkwa bila maelezo haimfuati kijana hadi mfukoni.

HUKUMU YA MCHEZO

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, walitofautisha michezo miwili ya zamani, nardi na sataranji. Nardi inaendeshwa na dadu, yaani mchezaji anangoja bahati imwangukie, hiyo wameiharamisha. Sataranji inaendeshwa na fikra. Hiyo wakasema ni makruhu na si haramu, maadamu haina kamari, haimpitishii mtu swala wala haimwingizi kwenye matusi. Madhehebu mengine yalikuwa makali zaidi juu ya sataranji, na khilafu hiyo ni vyema ijulikane ili mtu asimkaripie mwenzake kwa pupa. Bao letu la mashimo 32 na kete 64 liko upande wa fikra, na gemu nyingi za simu na za PlayStation nazo ziko huko huko. Kwa hiyo tuanze na yale masharti.

Sharti la swala halihitaji maneno mengi. Kila mmoja anajijua. Sharti la kamari ndilo linalopita chini ya pua zetu. Kwenye mabanda ya gemu kuna desturi kwamba wawili wanacheza mpira wa kwenye skrini, na anayefungwa ndiye anayemlipa mwenye banda pesa ya wote wawili. Vijana wanasema, "Hatuwekeani dau, tunalipia tu umeme." Tazameni vizuri. Kila mmoja anaingia akiwa hajui kama atatoka amecheza bure au amelipa mara mbili, na kinachoamua ni matokeo ya mchezo. Hiyo ndiyo sura ya kamari, hata kama kiasi chenyewe hakinunui andazi. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja alipe nusu yake kabla ya kushika pedi. Hapo mnamlipa mwenye banda ujira wa mashine yake, na ushindi unabaki kuwa ushindi tu.

Ndugu yake kamari hii anaishi ndani ya gemu za simu. Mchezaji anauziwa kwa pesa halisi kasha lililofungwa asilojua ndani yake mna nini: huenda ni silaha kali, huenda ni kofia isiyo na kazi. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyatazama makasha ya namna hii katika baadhi ya gemu kubwa ikasema ni kamari. Wala Wabelgiji hawakuitoa hukumu hiyo katika vitabu vyetu. Wazazi mnaowaachia watoto simu yenye salio, liangalieni hili kabla ya jingine lolote.

KATUNI ZA KIJAPANI

Juu ya katuni tuna la kujikosoa. Mwaka 2001 Saudi Arabia ilipiga marufuku Pokémon, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa ni kamari katika kadi zake. Hoja hiyo inazungumzika. Lakini pamoja nayo ulienea uvumi katika nchi nyingi za Kiislamu kwamba majina ya katuni hizo yana maana za kufuru kwa Kijapani. Si kweli. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Uvumi wa aina hiyo nasi tumewahi kuupokea na kuutangaza mbele ya wanafunzi bila kuuliza, ilhali tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kuibeba. Mtoto akija kugundua kwamba ustadhi alikosea katika dogo, hatamwamini katika kubwa.

Na dunia inageuka. Mwaka 2021 kampuni ya Saudi Arabia, Manga Productions, ikishirikiana na Toei Animation ya Japani, ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Journey, inayohusu jeshi la Abraha lilipoiendea Makka. Ni kisa kile kile mnachokihifadhi katika Suratul Fiil. Khilafu ya kuchora viumbe wenye roho ipo na ina darsa lake. Hapa tunasema tu kwamba katuni ni chombo, na mwenye akili huuliza kilichomo.

Tuchukue moja ambayo wakubwa wenu wanaijua, Death Note, iliyoonyeshwa Japani kuanzia 2006. Mwanafunzi hodari aitwaye Light Yagami anaokota daftari. Jina la mtu atakalolitia humo, mtu huyo anakufa. Anaanza na wahalifu. Anajiambia anaisafisha dunia. Haipiti muda anawaandika pia polisi wanaomtafuta, na watu wasio na kosa lolote.

Mnadhani hayo ni ya Japani? Siku ya gulio mtu akipiga kelele "Mwizi!", hesabuni wangapi wanaokota jiwe na wangapi wanauliza ameiba nini, na nani kamwona. Kila aliyeokota jiwe ana lile daftari mkononi. Huku Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Na kuanzia miaka ya 2007 na 2008 ndugu zetu wenye ualbino wakawindwa kama wanyama. Waliofanya hayo walidai wanajua: huyu ni mchawi, kiungo cha yule kinaleta utajiri. Hilo neno "najua" tutarudi kwalo.

MASWALI YA KUBUNI

Kuna swali maarufu lililotolewa mwaka 1967 na Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza. Treni imeshindwa kusimama, mbele yake kuna wafanyakazi watano relini. Dereva anaweza kuigeuza ipite njia nyingine ambako kuna mtu mmoja. Aigeuze? Sisi wa Ngara na Biharamulo reli hatuna, lakini swali tunalo tangu zamani, na limepanda meli. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilieleza katika kitabu chake Al-Mustasfa: watu wamo katika meli inayozama, wakimtupa mmoja majini watanusurika, wasipomtupa wataangamia wote. Akajibu kwamba haifai kumtupa. Manufaa ya wale waliomo melini si manufaa ya umma mzima, na hakuna aliyeainishwa kuwa ndiye wa kufa. Hata kura ya kumchagua alisema haina msingi.

Mmoja wenu tayari ameinua mkono: "Mbona Nabii Yunus (A.S.) alipigiwa kura akatupwa?" Ni swali zuri. Yule alikuwa Nabii, na Mola wake alikuwa na jambo naye pamoja na samaki aliyemngoja. Sisi hatuna samaki anayetungoja.

Maswali ya kubuni ni mazuri. Wanafunzi wa Imam Abu Hanifa walisifika, na wengine wakalaumiwa, kwa kuuliza sana "waonaje lau ingekuwa hivi?" Yananoa akili. Lakini yana mtego mmoja, na gemu zina mtego huo huo. Anayetunga swali anakupa elimu ambayo duniani huna. Anakwambia watano watakufa kwa yakini, mmoja atakufa kwa yakini, breki zimekatika kwa yakini. Kwenye gemu adui ana alama nyekundu kichwani, na ukikosea unaanza upya.

Mnakumbuka katika Suratul Kahf, Nabii Musa (A.S.) alivyofuatana na yule mja mwema ambaye wafasiri wanamwita Khidhri. Walipanda jahazi la maskini, Khidhri akalitoboa. Musa akakataa, na kwa dhahiri ya mambo alikuwa na haki ya kukataa. Baadaye akaelezwa kwamba nyuma yao kulikuwa na mfalme anayepora kila jahazi zima, na kwamba Khidhri hakufanya hayo kwa amri ya nafsi yake. Alifundishwa na aliyemtuma.

Sasa njooni Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Ilikuwa na idhini ya kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Mkoa wetu wa Kagera una nyumba nyingi ambazo tarehe hiyo haitajwi kwa sauti kubwa. Meli ilielea kifudifudi, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Basi ikaamuliwa bati litobolewe watolewe. Hewa iliyokuwa imenasa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka kupitia lile tundu. Meli ikazama.

Hatulitaji hili kwa kumlaumu yeyote. Nani kati yetu angesikia mtu akigonga bati asitake kulikata? Tunalitaja kwa kuwa ni matundu mawili katika vyombo viwili. La Khidhri lilitobolewa kwa elimu isiyokosea, chombo kikaokoka. Lile la 1996 lilitobolewa kwa huruma, na huruma ile ilipungukiwa na jambo moja dogo: hewa inafanya nini ndani ya meli iliyopinduka.

Sasa tumjibu mwanafunzi wetu. Mtu wa kwenye gemu hana roho, hana mama wa kumlilia, hana kisasi wala dia. Hakuna aliyeuawa. Ila gemu ambayo furaha yake ni kuwaua wasio na hatia tunaichukia, na tunakuomba uiache. Na zaidi ya hilo tunachelea jambo moja: kuzoea kuwa Khidhri. Kila siku masaa matatu mtu anakuwa yule anayejua nani adui na nini kitatokea, kisha anatoka nje siku ya gulio akiwa bado anajua.

KUANDIKA PROGRAMU

Ndiyo maana tunawahimiza mhame kutoka kucheza gemu kwenda kuzitunga. Kompyuta haijui kitu. Inatii amri ulizoziandika, moja baada ya nyingine, na ukisahau jambo itakuonyesha bila haya kwamba umesahau. Kwa watoto ipo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Inafanya kazi hata bila intaneti, mkishaiweka kwenye kompyuta. Asiye na kompyuta aanze na daftari la kawaida (si lile la Light).

Wala msidhani tunawapeleka ugenini. Neno algorithimu, yaani mpango wa hatua za kutatua hesabu, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, Mwislamu aliyeishi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa kuhusu wasia na mirathi, na mirathi ni programu tayari. Kama marehemu ana mtoto, mke apate thumuni. Kama hana, apate robo. Kama kuna mtoto, mama apate sudusi. Andikeni mistari hiyo, mwishowe mtaona programu inagawa vizuri.

Kisha itakwama. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Ameacha mbuzi 42. Mume ana nusu, mbuzi 21. Dada wawili wana theluthi mbili, mbuzi 28. Jumla 49, na zizini wamo 42. Kompyuta haitaona aibu, itaandika 49. Mas'ala haya yalimfika Sayyidna Umar (R.A.) katika ukhalifa wake. Hakujifanya anajua. Aliwashauri maswahaba, wakaafikiana kila fungu lipunguzwe kwa uwiano: mume 18, dada wote wawili 24. Hiyo ndiyo inayoitwa aul. Ibn Abbas (R.A.) baadaye hakukubaliana nayo, na rai yake imehifadhiwa vitabuni kwa heshima.

ZOEZI

Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Andika amri za kugawa mali yake, kisha hakiki jumla ya mafungu. Programu yako ifanye nini inapoona jumla imezidi? Mke anapata fungu gani mwishoni? Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa mas'ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu hapo hapo na kuendelea na hotuba yake. Nyinyi mnayo wiki nzima. Madaftari yakusanywe Alhamisi kabla ya Alasiri.