Bomba la Gesi: Pima Kabla ya Kununua Hita

Somo hili ni la wale ambao tayari wanapika kwa gesi ya samadi, na sasa, kwa vile baridi ya Julai huku kwetu haina mchezo, wanataka hita ya maji ya kuoga.

Pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, mwenye gesi ya mtungi huuweka mtungi hatua chache tu kutoka kwa jiko. Sisi wa vijijini, kuanzia Manyatta hadi Nkubu, gesi yetu hutoka karibu na zizi, na nyumba huenda ikawa mita 30 kutoka hapo. Tena gesi hii haina msukumo mkubwa kama ile ya mtungi. Ndiyo maana unene wa bomba ni jambo la kuangalia sana.

Jiko la kichwa kimoja hula karibu lita 400 za gesi kwa saa. Bomba la nusu inchi linazifikisha mita 30 bila shida. Lakini hita ndogo ya kupasha maji papo hapo hula karibu lita 2,500 kwa saa, yaani kama vichwa sita vya jiko vikiwashwa pamoja. Ukiiunga kwenye bomba lile lile, moto unakuwa mdogo au hita inakataa kuwaka, nawe unasema umeuziwa kitu kibovu. Kumbe ni bomba!

Kwa hiyo pima njia yote kwa kamba, kisha ujumlishe vifaa vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja. Kwa jiko na hita, mita 30, tunashauri inchi moja kutoka mtambo hadi nyumbani, halafu robo tatu inchi kwenda kwa hita na nusu inchi kwa jiko. Bomba la inchi moja halipitishi mara mbili ya lile la nusu inchi. Hupitisha zaidi ya mara tano. Literemke sentimita 1 kwa kila mita, na pale chini kabisa pawe na koki ya kutolea maji, kwa sababu gesi hii ina unyevu na maji yakituama yanaiziba njia.

Lakini bomba halizai gesi. Kilo 25 za samadi mbichi, ambazo ng'ombe wawili wa zizini hutoa kwa siku, huleta kama lita 1,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 kwa hita, zaidi ya lita 400 zimekwenda. Ndoo ya lita 20 ikipashwa jikoni hula kama lita 160 tu. Watu watatu wakioga kwa hita, mama atapikia nini jioni? Atarudi kwa kuni. Mwenye ng'ombe wawili, sisi tungemwambia abaki na ndoo kwanza.

Ukinunua, nunua hita iliyotengenezewa gesi ya samadi. Usiifunge ndani ya bafu hata kidogo: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Ikae nje ukutani, chini ya paa. Viungo vijaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Kazi ya kikundi: mkutano ujao kila mmoja aje na namba tatu, yaani urefu wa njia ya bomba, kilo za samadi za siku moja zilizopimwa kwa mizani, na watu wanaooga nyumbani kwake kwa siku.