Wadudu wa Bustani ya Mboga: Adui Ajulikane Kabla ya Kutiwa Dawa

Wengi waonapo sukuma wiki zao zimetobolewa na wadudu, hukimbilia dukani kununua dawa. Huinyunyiza leo na tena keshokutwa, na jioni mboga zile zile huchumwa na kupikiwa watoto. Jambo hili lina hatari kwa jamaa nzima, na mara nyingi mdudu mwenyewe haondoki. Yafaa kwanza ajulikane, kwa maana kila mdudu ana desturi zake na njia yake ya kuzuiwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara mbili kwa juma majani yapinduliwe na kutazamwa upande wa chini, kwani ndiko wengi hujificha.

Kiwavi mkata miche. Mche uliopandikizwa jana ukionekana asubuhi umekatwa shinani, mharibifu ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo. Usiku hula, mchana hujificha ardhini. Afukuliwe karibu na mche huo, kina cha kidole, akauawe. Akiguswa hujikunja kama pete. Miche iliyobaki izungushiwe mikebe iliyotolewa vifuniko na vitako, ikididimizwa kidogo udongoni.

Vidukari. Hawa ni wadudu wadogo sana, wa kijivu, kama waliopakwa unga. Hufyonza utomvu hata majani yakajikunja. Wakiwa wachache, jani lenye wadudu livunjwe na kuteketezwa. Wakizidi, vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji vikorogwe katika lita 5 za maji, nao wanyunyiziwe jioni mpaka walowe, kwa kuwa sabuni huua wale tu inaowagusa.

Nondo wa kabichi. Kiwavi wake ni wa kijani, urefu wake kama sentimita 1. Akiguswa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Huyu amezoea sumu: mwaka wa 1953, kisiwani Java, ilionekana kwamba DDT haimwui tena, na baadaye alizizoea dawa nyingine nyingi. Lakini anaye adui wa asili. Mwaka wa 2002 wataalamu wa ICIPE, kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Nairobi, waliachilia huko Taita na Limuru nyigu wadogo ambao asili yao ililetwa kutoka Taiwan. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Viwavi wakapungua sana. Atiaye sumu kali kila juma huwaua nyigu hao, pamoja na mbawakawa wekundu wenye madoa meusi walao vidukari. Kisha waharibifu hurudi, na bustani haina mlinzi.

Ikilazimu kutumia dawa ya dukani, maandishi yaliyobandikwa chupani yasomwe na kufuatwa: kipimo chake, mavazi ya kujikinga, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Siku zikiwa 7, mboga isiliwe siku ya 6, hata ikioshwa, maana dawa nyingine huingia ndani ya jani. Asiyeelewa maandishi hayo amwulize afisa wa kilimo.

Mboga hupandwa ili watoto wapate afya. Jani lenye tundu moja au mawili halimdhuru mlaji. Jani zuri lenye sumu laweza kumdhuru.