Upepo Unaoezua Mapaa: Maswali Kutoka Kyimo

Je, kimbunga kama Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, chaweza kuipiga Kyimo? Si rahisi: kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, nacho hufifia kikiingia nchi kavu. Kinachoezua mapaa Rungwe kwa kawaida ni upepo wa mawingu ya radi. Kisulisuli ni nadra. Hata Marekani, onyo la kisulisuli hutangulia kwa dakika chache tu. Basi wingu likitanda, ingieni chumba cha ndani, mbali na madirisha. Mti si kinga.

Bati lirukalo hukata kama panga. Jeraha libanwe kwa kitambaa safi hadi damu ikome, lioshwe, na majeruhi afike kituoni. Huko aulizwe, kabla ya kushonwa, alichanjwa lini dhidi ya pepopunda.