Jinsi mwili unavyoyeyusha donge la damu

UJIKATAPO kidole ukimenya viazi, damu hutoka kwa dakika chache kisha hukoma. Jambo hilo twalijua sote. Lisilojulikana sana, msomaji, ni kwamba donge lililoziba jeraha lazima baadaye liondolewe, ama sivyo damu haitapita tena katika mshipa huo.

Donge hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini, zilizosukana kama wavu. Wavu huo unapofumwa, hunasa ndani yake protini nyingine itokayo kwenye ini, plasminojeni. Hiyo huwa imelala tu. Yaani mwili hulitengeneza donge huku umekwisha kuficha ndani yake kitu cha kulivunja.

Kinachoiamsha ni kichochezi kiitwacho kwa kifupi tPA, ambacho hutolewa polepole na chembe za ukuta wa ndani wa mshipa. Kikielea katika damu nguvu yake ni kidogo, na baada ya dakika 5 hivi nusu yake huwa imeondolewa na ini. Lakini kikishika fibrini, nguvu huongezeka mara mamia. Hapo plasminojeni hugeuka kuwa plasmini, kimeng'enya kinachoikatakata fibrini kama makasi. Vipande vyake huingia katika damu, na ndivyo vinavyopimwa hospitalini daktari anaposhuku kuwa una donge mguuni au mapafuni.

Je, plasmini ikiponyoka? Hukamatwa mara moja na mlinzi aitwaye antiplasmini. Ile iliyoshikamana na fibrini haikamatwi kwa urahisi, hivyo kazi huendelea pale tu inapotakiwa. Mlinzi wa pili, PAI-1, hukifunga kichochezi chenyewe. Huyu huwa mwingi zaidi asubuhi, tena kwa watu wanene mno. Si ajabu kwamba mshtuko wa moyo hupata wengi saa za asubuhi, ingawa hiyo si sababu pekee.

Mizani hiyo ikiharibika, mtu hufa. Mama aliyejifungua anaweza kuendelea kuvuja damu kwa kuwa madonge yanayeyuka upesi mno. Asidi ya traneksamiki, dawa iliyotangazwa mwaka 1962 na mume na mke Wajapani, Shosuke na Utako Okamoto, huizuia plasminojeni isishike fibrini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mama wa aina hiyo adungwe gramu 1 mshipani, kabla ya saa 3 kupita tangu ajifungue.

Kwa kiharusi cha donge kuziba mshipa wa ubongo, mambo ni kinyume. Mgonjwa hudungwa tPA iliyotengenezwa maabarani, ndani ya saa 4 na nusu, baada ya kichwa kupigwa picha. Kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kumuua.

Wengi hudhani aspirini na warfarini huyeyusha donge. La! Hizo huzuia donge lisianze au lisikue. Anayeliyeyusha ni plasmini.

Basi ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatamkiki, tazama saa na uikumbuke, kwani daktari ataiuliza kwanza. Mkimbize katika hospitali yenye mashine ya kupiga picha za kichwa. Usimlaze ukingoja apate nafuu, na aspirini usimpe kabla ya picha hiyo.